Halmashauri Inapoulizwa, Wewe Wasikia Nini?

Kama mpo katika kikundi, mmoja wenu asome kwa sauti na wengine wasikilize. Mahali nitakaposema “simameni”, msiendelee mbele mpaka mmezungumza kwanza.

Katika somo lililopita tulijifunza namna ya kusoma taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji. Leo twapanda ngazi moja. Mara kwa mara wasikia redioni, au wasoma gazetini, kwamba viongozi wa halmashauri fulani wamekutana na waandishi wa habari na kujibu maswali juu ya maji, taka, ushuru, shule na zahanati. Waandishi huuliza, viongozi hujibu, kisha muziki hupigwa. Je, wewe uliyekuwa ukisikiliza umebaki na nini mkononi? Hilo ndilo somo letu la leo.

Kisa cha chanja

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikifundisha darasa la jioni katika mwalo mmoja wa ziwa letu. Wanafunzi wengi walikuwa akina mama wanaonunua dagaa kwa wavuvi alfajiri, wakawaanika, kisha wakawauza kwa wafanyabiashara wa magunia. Wewe uliye kando ya ziwa waijua kazi hiyo. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na wakifika nchi kavu hapana budi wakauke upesi. Mwenye chanja huwaanika juu, wakakauka safi. Asiye na chanja huwaanika mchangani. Mvua ikinyesha, wale wa mchangani huharibika, na huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku.

Jioni moja redio ilitangaza habari za mkutano wa halmashauri moja na waandishi. Mwandishi aliuliza habari za chanja katika mialo. Jibu likatoka: “Suala hilo tunalifahamu, na linashughulikiwa.” Darasa zima likapiga makofi. Mama mmoja tu, mkubwa kuliko wote, ambaye sote tulimwita Bibi kwa heshima, hakupiga. Alinitazama, akasema:

“Mwalimu, nimesikia, lakini sijui nimesikia nini. Nikope fedha ninunue turubai, au nisikope?”

Sikuwa na jibu la kumpa. Bibi alikopa, akanunua turubai. Wengine walilitegemea lile neno “linashughulikiwa”, wakangoja chanja. Mvua za vuli zikaja, chanja hazikuja. Mmoja wao alipoteza dagaa wa siku tatu mfululizo, akashindwa kurudisha mkopo wa kikundi chake. Hakudanganywa na mtu. Alilisikia jibu, lakini hakulipima.

Simameni hapa. Zungumzeni: ni jibu gani la kiongozi mlilolisikia karibuni? Laweza mtu kupanga kazi yake ya kesho kwa kulitegemea?

Kuuliza na kujibiwa si jambo geni kwetu

Wako watu wanaofikiri kwamba kiongozi kuulizwa hadharani ni desturi iliyoletwa na magazeti. Si kweli. Zamani katika Usukuma mtemi hakutawala peke yake. Alikuwa na wazee wa shauri, na ilimpasa awasikilize. Wakati wa Waingereza tawala za Usukuma ziliunganishwa katika shirikisho moja, makao yake yakiwa Malya katika Kwimba.

Lakini baraza laweza kuwapo na lisijibu. Mwaka 1958 watu wa Geita, iliyokuwa wilaya jirani katika jimbo hili la ziwa, walikataa baraza la wilaya lililowekwa juu yao, baraza la kuchanganya wajumbe wa rangi mbalimbali wakati Waafrika ndio waliokuwa karibu wakazi wote. Walipoona hawasikilizwi kwao, wengi walifunga safari hadi Mwanza kupeleka malalamiko yao. Polisi waliwatawanya kwa mabomu ya machozi. Haikupita muda serikali ya kikoloni ikauacha mpango wa kuwalazimisha watu kuwa na mabaraza ya namna ile. Tazama: swali lisilojibiwa halikufa. Lilitembea kwa miguu mpaka mjini.

Baada ya Uhuru utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963. Mwaka 1972 ukaja mpango wa Madaraka Mikoani, na halmashauri zilizochaguliwa na watu zikaondolewa. Kazi zao zikashikwa na watumishi wa serikali. Katika miji huduma zilizorota, na miaka ile ile ya 1970 kipindupindu kiliingia nchini. Mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa. Mwaka 1982 Bunge likapitisha sheria za serikali za mitaa, na mwaka 1984 halmashauri za wilaya zikaanza kazi tena. Leo jambo hili limo katika Katiba yenyewe, ibara ya 145 na ya 146, ambazo zinasema kwamba serikali za mitaa zipo ili kuwapa wananchi madaraka.

Kwa hiyo kiongozi wa halmashauri anapojibu swali la mwandishi, hafanyi hisani. Anatimiza deni.

Nani ajibu lipi?

Kabla ya kulipima jibu, yafaa kujua anayejibu ni nani. Diwani huchaguliwa na watu wa kata. Madiwani humchagua mmoja wao awe mwenyekiti wa halmashauri. Katika manispaa na jiji huitwa meya. Mkurugenzi hachaguliwi na watu: huteuliwa na Rais, naye ndiye mkuu wa watumishi na mtunza hesabu. Basi swali la “Kwa nini mmeamua hivi?” ni la meya au mwenyekiti, maana uamuzi ni wa madiwani. Swali la “Fedha zimetumikaje, na kazi imefika wapi?” ni la Mkurugenzi. Na afisa habari hueleza yale aliyopewa na hao wawili.

Tena, si kila jambo la mjini ni la halmashauri. Tangu Julai 2017 barabara nyingi za mitaa na za vijijini ziko chini ya TARURA. Zile kubwa ni za TANROADS. Maji ya Mwanza mjini ni kazi ya MWAUWASA. Maji ya vijijini, tangu 2019, ni ya RUWASA. Umeme ni wa TANESCO. Halmashauri ina taka, masoko, stendi, ushuru, vibali vya ujenzi, zahanati na vituo vya afya, na shule za msingi na za sekondari za serikali. Kumbuka pia kwamba katika mji wetu ziko halmashauri mbili: Jiji la Mwanza, yaani Nyamagana, na Manispaa ya Ilemela, iliyotengwa mwaka 2012. Soko la samaki la Kirumba Mwaloni liko Ilemela. Mwenye lalamiko juu yake akienda kwa Mkurugenzi wa Jiji atakuwa amebisha mlango wa jirani.

Tuchukue mfano wa Mto Mirongo, unaokatisha katikati ya mji na kumwaga maji yake ziwani, ziwa lile lile tunalochota maji ya kunywa. Mwandishi akiuliza, “Kwa nini Mirongo ni mchafu?”, swali hilo laweza kupigwa teke kama mpira. Halmashauri itasema majitaka ni ya mamlaka ya maji. Mamlaka itasema takataka ni za halmashauri. Wote wawili watasema wananchi hawana ustaarabu. Na wote watakuwa wamesema kweli kidogo, nawe umebaki na mto mchafu.

Lakini mwandishi akiuliza hivi: “Katika mitaa inayopakana na Mirongo, gari la taka la halmashauri hupita mara ngapi kwa wiki? Na mwezi uliopita lilipita mara ngapi?” Swali hilo halina pa kukimbilia. Jibu lake ni hesabu, na wewe ukaaye pale waweza kuihakikisha kwa macho yako.

Mizani ya jibu

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Dukani hupokei mchele bila kuupima. Jibu nalo lipimwe, kwa mawe manne haya:

La kwanza, NANI? Ni nani hasa atakayeifanya kazi? “Tutafanya” haitoshi. Idara gani, afisa gani?

La pili, KIASI GANI? Chanja ngapi, madarasa mangapi, shilingi ngapi, tena kutoka mfuko gani?

La tatu, LINI? Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Kazi isiyomo katika bajeti ya mwaka huu, kwa kawaida haifanyiki mwaka huu. Basi uliza: imo katika bajeti ipi?

La nne, NITAIONA WAPI? Ni mahali gani mwananchi ataweza kwenda kutazama kwamba jambo limefanyika?

Pima sasa majibu haya mawili ya mfano, niliyoyatunga mwenyewe:

“Ndugu mwandishi, ujenzi wa choo cha soko upo katika mchakato, na utakamilika hivi karibuni.”

“Ndugu mwandishi, choo cha soko kimo katika bajeti ya mwaka huu. Fedha ni za mapato yetu ya ndani. Mhandisi wa halmashauri ndiye msimamizi. Msingi utachimbwa kabla ya mwisho wa Novemba, upande wa lango la kaskazini.”

Jibu la kwanza ni tamu, lakini kwenye mizani halina uzito. La pili lina mawe yote manne. Tena angalia: la pili ni la hatari zaidi kwa kiongozi, maana Desemba ikifika na msingi haupo, kila mtu atajua. Ndiyo maana kiongozi anayejibu namna hiyo anastahili heshima yako hata kama kazi itachelewa.

Lakini tuwe waadilifu. Maneno kama “fedha zikipatikana” si uongo siku zote. Sehemu kubwa ya fedha za halmashauri nyingi hutoka Serikali Kuu, na halmashauri yaweza kupanga jambo kisha fedha zisifike, au zifike zimechelewa. Kiongozi anayesema, “Tuliomba, bado hatujapata, na bila fedha hizo hatuwezi,” amekupa jibu zuri, maana sasa wajua usingoje. Jibu baya ni lile linalokuacha ukingoja pasipo tarehe.

Kuwa mwangalifu na hesabu

Hesabu nazo zaweza kumpoteza msikilizaji. Chukua mtambo wa maji wa Butimba, ulioanza kazi kusaidia chanzo cha miaka mingi cha Capri Point. Umejengwa uweze kutoa lita milioni 48 kwa siku. Hesabu hiyo ni ya kweli. Lakini ni hesabu ya uwezo wa mtambo. Si hesabu ya maji yaliyofika kwenye bomba lako juu ya mlima kati ya mawe. Kati ya mtambo na ndoo yako kuna pampu, matangi na mabomba. Basi swali la mkazi wa mlimani si “Mtambo una uwezo gani?” Ni hili: “Mtaa wetu umepangiwa siku zipi za maji, na tangi linalotuhudumia ni lipi?”

Au chukua mikopo ya vikundi. Sheria, tangu 2018, inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwezi wa Aprili 2023 utoaji wa mikopo hiyo ulisimamishwa ili utaratibu utengenezwe, na ukarudishwa Julai 2024. Kiongozi akisema, “Tumetenga asilimia kumi,” ni vizuri, lakini kutenga si kutoa. Uliza: mmetoa shilingi ngapi, kwa vikundi vingapi, vya kata zipi, na marejesho yamefikia wapi?

Simameni hapa. Mmoja awe meya, mmoja awe mwandishi. Ulizaneni juu ya jambo moja la kata yenu. Wengine washike mizani.

Mwandishi ni nani kwako?

Mwandishi wa habari si adui wa halmashauri, wala si mpiga ngoma wake. Ni mtu anayeuliza kwa niaba yako kwa sababu hamwezi kuingia nyote katika chumba kimoja. Lakini mwandishi haishi mwaloni kwako. Hajui kwamba pampu imeharibika tangu Jumanne usipomwambia. Basi ukikutana naye, mpe jambo lenye mahali, siku na hesabu: “Zahanati yetu haikuwa na dawa ya malaria kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani.” Usimpe uvumi, wala usimtaje mtu kwa wizi usioweza kuuthibitisha. Uvumi humdhuru asiye na kosa, tena humpa mwenye kosa nafasi ya kukana yote.

Na vile vile usifikiri kwamba mwandishi akishauliza, kazi yako imekwisha. Yeye kesho atakuwa na habari nyingine. Gazeti la leo kesho hufungiwa samaki. Anayebaki na jibu ni wewe.

Baada ya redio kunyamaza

Ufanye nini basi? Mambo matatu.

Kwanza, andika. Daftari la shilingi chache latosha. Andika siku, jina la cheo cha aliyejibu, na maneno yake kama alivyoyasema. Kikundi chenu kikiwa na daftari la majibu, mtakuwa na kumbukumbu ambayo hata ofisi nyingine hazina.

Pili, hudhuria. Mkutano wa Baraza la Madiwani hufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu, na kwa kawaida huwa wazi kwa wananchi na waandishi. Hutaruhusiwa kusema, lakini utaona diwani wako anauliza nini, au kama haulizi kitu. Mkutano wa mtaa au wa kijiji ni wako, na pale waweza kusema.

Tatu, uliza kwa maandishi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 yampa kila raia haki ya kuomba taarifa katika ofisi za umma, na ofisi yapaswa kumjibu ndani ya siku 30. Ziko taarifa zinazozuiwa, kama zile za usalama wa nchi, lakini idadi ya chanja si siri ya vita. Barua yenyewe ni fupi. Weka anwani yako na tarehe, uiandike kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kupitia kwa Mtendaji wa Kata, kisha:

“YAH: OMBI LA TAARIFA JUU YA CHANJA ZA KUANIKIA DAGAA

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Sisi wakazi wa mwalo huu twaomba kujulishwa: Je, ujenzi wa chanja umo katika bajeti ya mwaka huu wa fedha? Kama umo, ni chanja ngapi, kwa shilingi ngapi, na zitajengwa lini? Kama haumo, twaomba kujulishwa utaratibu wa kuuingiza katika bajeti ijayo.”

Tia sahihi, baki na nakala, na umwombe aliyeipokea agonge muhuri na tarehe juu ya nakala yako. Siku 30 huhesabiwa vizuri zaidi kwenye karatasi yenye muhuri.

Nilivyoanza na Bibi, nimalizie na Bibi. Barua hiyo ndiyo darasa letu lililoiandika baada ya mvua zile. Jibu lilirudi, nalo halikuwa la kufurahisha: chanja hazikuwamo katika bajeti ya mwaka ule. Wengine walikasirika. Bibi alicheka. Akasema, “Sasa nimesikia kitu.” Walikwenda kwa diwani wao miezi mingi kabla ya Julai, wakati mapendekezo ya kata yalipokuwa yakikusanywa, wakiwa na barua mkononi. Waliomba chanja kumi. Mwaka uliofuata zikajengwa nne. Nne si kumi, nalo turubai la Bibi lilifanya kazi mpaka likatoboka. Lakini kwa zile nne walijua nani, kiasi gani, lini na wapi, na hakuna aliyengoja gizani.

Maswali ya kikundi

1. Taja mambo matatu katika kata yenu yaliyo chini ya halmashauri, na mawili yasiyo chini yake.

2. Kwa nini jibu “hatuna fedha” laweza kuwa bora kuliko “linashughulikiwa”?

3. Geuzeni swali hili liwe swali lenye hesabu: “Kwa nini soko letu ni chafu?”

4. Kuna tofauti gani kati ya fedha zilizotengwa na fedha zilizotolewa?

5. Andikeni barua moja ya kuomba taarifa juu ya jambo linalowasumbua. Msiiache ndani ya daftari, ipelekeni.

Katika somo lijalo tutasoma bajeti ya halmashauri, ukurasa kwa ukurasa. Njooni na kalamu. Kwaherini.